Chambo chekundu kikimpaka rangi jirani yake: kemia ya kubadilisha rangi za chambo cha plastiki nyumbani

Chukua nyungunyungu wawili wa plastiki, wale laini wanaovishwa kwenye ndoano ili kumdanganya samaki. Mmoja awe mwekundu, mwingine mweupe. Watie kwenye mfuko mmoja kisha uwasahau wiki mbili. Ukirudi utakuta yule mweupe amegeuka waridi pale alipomgusa mwenzake. Osha kwa sabuni, sugua mpaka uchoke, haitoki.

Wengi hapo humlaumu muuzaji, eti kauza mali mbovu. Lakini hilo hilo linalokuudhi ndilo njia rahisi zaidi ya kubadilisha rangi ya chambo ukiwa nyumbani, bila kuwasha jiko. Na hilo la jiko si dogo. Tutalifikia.

Kwanza, chambo hiki ni nini hasa?

Historia yake ilianzia nyumbani kweli. Mwaka 1949, huko Akron, Ohio, Marekani, Nick Creme na mkewe Cosma walitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini kwa kuiga yule wa udongoni. Walengwa walikuwa samaki aina ya bass. Samaki huyo tunaye hata huku kwetu: aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na mpaka leo wapo wanaomfuata kwa fimbo na chambo bandia.

Vyambo vingi vya aina hii ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Sasa mbona bomba ni gumu na chambo kinanesanesa? Jibu ni kilainishi, yaani kimiminika chenye asili ya mafuta kinachochanganywa na PVC. Fikiria tambi zilizopoa kwenye sufuria: zimeshikana bonge moja. Tia mafuta, zinaanza kuteleza. Minyororo ya PVC ni zile tambi, kilainishi ni yale mafuta. Kwenye chambo laini, mara nyingi kilainishi huzidi nusu ya uzito wote.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kilainishi hakijafungwa kikemia kwenye PVC. Kimekaa tu katikati ya minyororo, na kinaweza kutoka. Wewe mwenyewe umeshaliona hili. Si unajua ile fotokopi ya cheti iliyokaa miaka kwenye faili la plastiki laini la kuangaza? Ukiivuta, maandishi yanabaki kwenye faili. Kilainishi kimeulainisha wino wa mashine na kuushika. Ni kwa sababu hiyo hiyo chambo laini kikikaa kwenye kiboksi cha plastiki ngumu kisichofaa, kiboksi kinalegea na kunata kama kimeyeyuka.

Rangi zinazohama na zisizohama

Rangi za plastiki ziko za aina mbili kubwa. Kuna rangi zinazoyeyuka, ambazo molekuli zake zinasambaa ndani ya kilainishi kama sukari kwenye chai. Halafu kuna pigmenti, ambazo ni chembe ngumu zilizotapakaa humo bila kuyeyuka, kama vumbi la makaa kwenye mafuta. Kwa kipimo cha molekuli, chembe ya pigmenti ni jabali. Haipiti.

Rangi inayoyeyuka inapita. Vyambo viwili vikigusana, kilainishi cha kimoja kinakutana na cha kingine, na rangi inavuka kutoka ilikojaa kwenda isikokuwepo. Ndiyo maana huwezi kuisugua ikatoka: haiko juu ya chambo, imeshaingia ndani.

Kuingia kwake kuna kanuni. Ukitaka rangi ifike kina mara 2, subiri muda mara 4. Mara 3, subiri mara 9. Kwa hiyo ngozi ya juu hubadilika upesi, lakini kiini hukawia sana. Joto huharakisha safari hiyo.

Fanya hivi

Njia ya kwanza ni ya kugusanisha. Osha vyambo kwa maji na sabuni, maana vingi huja vimepakwa mafuta, kisha vikaushe kabisa. Laza cha rangi nyepesi juu ya cha rangi kali, vitie kwenye mfuko, weka mahali pa joto lakini kivulini. Jua kali huchujua rangi na kupinda chambo. Angalia kila siku. Ukitaka mgongo mweusi na tumbo jeupe, gusanisha mgongo peke yake. Isipoingia hata kidogo baada ya wiki kadhaa, huenda umekutana na pigmenti. Badilisha chambo cha kutolea rangi.

Njia ya pili ni maka peni, ile ambayo wino wake haufutiki kwa maji. Chora mistari au madoa, acha yakauke. Mwanzoni kingo zitakuwa kali, baada ya siku chache zitafifia kwa sababu wino unazama na kutambaa. Kwa hiyo chora vyembamba kuliko unavyotaka, na fungua dirisha, harufu ya wino si ya kuvuta.

Ukipata rangi unayoipenda, tenganisha vyambo kwa rangi, kila kundi na mfuko wake.

Mbona tusiyeyushe tu?

Ndiyo, wapo wanaoyeyusha vyambo vya zamani, wanatia rangi na kumimina upya kwenye kalibu. Plastiki hii humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 170 hivi za Selsiasi. Maji ya kuunguza mkono yako 100 tu. Tone moja la maji likibaki kwenye kalibu, linageuka mvuke papo hapo na kukurushia plastiki ya moto usoni.

Ukizidisha moto, PVC yenyewe inaanza kuvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa asidi, ile ile ya tumboni, ila sasa iko mahali isipotakiwa. Dalili ya kuvunjika ni plastiki kugeuka njano kisha kahawia. Hiyo si rangi mpya uliyoigundua! Jikoni kwa kawaida hakuna kipimajoto cha plastiki, hewa ni finyu, na sufuria ni ya wali wa watoto. Isitoshe, baadhi ya vilainishi vya kundi la fthaleti vimewekewa mipaka kwenye midoli huko Umoja wa Ulaya kwa sababu ya madhara yake kwa homoni. Visikaribie chombo cha chakula, wala maikrowevu ya nyumbani.

Na samaki je, anaiona rangi yako?

Hapa ndipo pesa na muda vinapopotea. Rangi uliyoichagua mezani siyo itakayofika chini. Kwenye maji safi kabisa, takriban theluthi moja ya mwanga mwekundu hupotea kila mita; mita 5 chini hubaki chini ya moja ya tano. Chambo chekundu hapo kinaelekea kuwa cheusi. Maji yenye mwani na tope hufanya kinyume kidogo: humeza bluu kwanza, na kuacha mwanga wa kijani na wa manjano.

Kisha kuna jicho lenyewe. Bass ana aina 2 za seli za kuonea rangi, za kijani na za nyekundu. Sisi tunazo 3. Majaribio ya kumfundisha kuchagua rangi yameonyesha kwamba nyekundu na kijani huzitofautisha vizuri, lakini huchanganya njano-kijani inayong'aa na nyeupe, na bluu iliyokolea na nyeusi.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia vivuli 5 vya bluu ambavyo kwake vyote vinakaribia weusi, shughulikia tofauti ya giza na mwanga: mgongo uliokolea, tumbo jepesi. Kwa hilo unahitaji maka peni moja na subira ya siku chache. Na vile vilivyochanika, usivitupe ziwani. PVC haiozi, na samaki atakayekimeza hajui kwamba ulishakichoka.