Kumwachisha mtoto chupa: Kikombe kipi kinafaa?

Mama mmoja anayeuza ndizi kando ya msururu wa malori huko Malaba alinijia akiwa na mtoto wa miezi 14. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: mtoto hataki kula. Kwa macho tu alionekana mnene wa kuridhisha, lakini viganja vyake vilikuwa vimepauka. Mdomoni alikuwa na chupa ya chai ya maziwa, na hakuiachilia hata nilipokuwa nikimpima kifua. Matokeo ya damu yaliporudi, kiwango kilikuwa gramu 7, ilhali mtoto wa umri huo anatarajiwa kukaribia gramu 11.

"Lakini daktari, anakunywa vizuri. Chupa tano kwa siku," mama alinieleza.

Hapo ndipo penye tatizo. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache mno, na majani ya chai huuzuia mwili kufyonza hata yale machache yanayotoka kwenye mboga na maharagwe. Isitoshe, tumbo likishajaa chai mtoto hana haja tena na ugali kwa omena. Kadhalika sukari inayokaa mdomoni saa nyingi, hasa mtoto anapolala na chupa, huoza meno ya mbele ya juu kabla hata hajafikisha miaka miwili.

Siwalaumu wazazi wa mpakani. Mwanamke anayevuka Busia asubuhi kwenda Sofia, upande wa Uganda, kutafuta bidhaa za kuuza humwachia mtoto nyanya au yaya, na chupa ni rahisi: haimwagiki na mtoto huishika mwenyewe. Baadhi hata hupanua tundu la chuchu kwa wembe ili uji wa wimbi upite. Uji unaoweza kupita hapo ni maji yenye rangi ya wimbi. Uji wa mtoto unapaswa kuwa mzito wa kushika kijiko.

Kikombe kinaweza kuanza mtoto anapofikisha miezi 6, wakati anapoanzishiwa vyakula vya nyongeza, na chupa iwe imeondoka kabisa kati ya miezi 12 na 18. Ninazungumzia chupa, si titi. Mtoto aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi.

Sasa kikombe kipi? Jibu langu huwavunja moyo wenye maduka: kikombe cha kawaida kisicho na mfuniko, kidogo, kinachoenea mkononi mwa mtoto. Watu hushangaa nikiwaambia kuwa hata watoto njiti hospitalini, ambao hawajaweza kunyonya, hulishwa maziwa kwa kikombe. Mtoto wa miezi 6 aliyeketi wima kwenye paja la mlezi hatashindwa. Weka maji kidogo tu, vijiko viwili au vitatu, kisha gusisha ukingo kwenye mdomo wake wa chini na umwache avute mwenyewe. Usimmiminie. Atamwaga, ndiyo, lakini maji ya vijiko viwili si mafuriko.

Kile kikombe chenye mfuniko na mdomo kilienezwa na mhandisi Mmarekani, Richard Belanger, aliyechoka kupangusa maji ya matunda yaliyomwagwa na mwanawe. Kwa maneno mengine, kilibuniwa kwa ajili ya usafi wa sakafu. Kina manufaa yake mkiwa safarini, kwenye matatu ya Kisumu kwa mfano, na sitamkataza mtu kukinunua. Lakini kabla hujalipa, mwombe mwenye duka maji, yatie ndani, funga mfuniko kisha ukipindue. Yakidondoka tone kwa tone, kinafaa. Yasipotoka hata kidogo, kuna vali ndani yake na mtoto atalazimika kufyonza kwa nguvu kama afanyavyo kwenye chuchu; utakuwa umenunua chupa nyingine kwa bei ya juu.

Kisha kifungue chote. Hesabu vipande. Kila kipande cha mpira na kila kijitundu ambacho kidole au brashi haifiki ni makao ya maziwa yaliyochacha na kuvu. Mimi nimewahi kuitoa vali ya kikombe kilicholetwa kliniki na mtoto mwenye kuhara, nikakuta ute mweusi ambao mama hakujua upo, kwani alikuwa akikiosha kila siku bila kuing'oa vali hiyo. Katika miji yetu hii ambako maji ya bomba hukatika na kipindupindu kimewahi kuingia zaidi ya mara moja, urahisi wa kuosha ni muhimu kuliko picha ya sungura. Tafuta chenye mdomo mpana, vipande viwili tu, mikono miwili ya kushikia, na plastiki isiyopinda kwa maji moto.

Kuhusu plastiki yenyewe, Marekani iliacha kuruhusu kemikali ya BPA katika chupa na vikombe vya watoto mwaka wa 2012, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umeipiga marufuku katika chupa mwaka wa 2011. Vikombe vingi vinavyotandazwa kando ya barabara havina maandishi yoyote. Ukikosa chenye maelezo kwamba hakina BPA, nunua cha chuma kisichoshika kutu. Cha mrija pia si kibaya, na Wateso wa huku hawahitaji kufundishwa mrija, ila nao una tundu refu la kusafisha.

Ondoa kwanza chupa ya mchana, wiki inayofuata ya asubuhi, na ya usiku iwe ya mwisho. Akiamka usiku mpe maji kwa kikombe. Yaya na nyanya waelezwe mapema, la sivyo chupa itarudi ukishatoka mlangoni. Baada ya mwaka mmoja, maziwa yapatayo nusu lita kwa siku yanatosha, na chai isubiri.

Yule wa Malaba alipewa dawa ya madini ya chuma, akalia usiku tatu, kisha akaanza kudai ugali. Nawe mlaze mwanao kwenye mwanga wa mchana ulinganishe kiganja chake na chako. Kikiwa kimepauka, mpeleke kliniki akapimwe damu wiki hii.