Kompyuta inavyoipa Subaru mbio, au kuiua

MASHABIKI wanaikumbuka Subaru Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally 1997. Ndinga za turbo za mtaani nazo huongezwa mbio, ila kazi kubwa ipo kwenye kompyuta ya injini.

Fundi huunganisha kompyuta mpakato, kisha hupanga presha ya turbo, kiasi cha petroli na muda wa plagi kutoa cheche. Kawaida gramu 14.7 za hewa huunguzwa na gramu 1 ya petroli. Turbo ikikolea, hewa hushushwa hadi 11 au 12.

Petroli ikipungua hapo, joto hupanda, mafuta hulipuka ovyo na pistoni hutoboka. Ndiyo maana sensa ikinasa injini inagonga, fundi makini huchelewesha cheche, hata kama mteja analilia mbio.