Kobero: Mtoto akikwama kwenye neno, mwulize kwanza ni la lugha gani

KWA anayeingia Kobero akitokea Kabanga, upande wa Ngara, kazi ya kusoma huanza kabla hajashuka garini. Bango ni la Kifaransa, tangazo ni la Kirundi, ubavu wa lori una maneno ya Kiswahili na karatasi ya forodha imeandikwa Kiingereza. Watoto ninaowafundisha hupita katikati ya maandishi hayo kila asubuhi. Wakifika darasani huzikuta lugha zote nne tena, kwani tangu katikati ya miaka ya 2000 Burundi inafundisha Kiswahili na Kiingereza shule ya msingi, pamoja na Kirundi na Kifaransa.

Mwaka 2013, Tanzania ilipoendesha Operesheni Kimbunga, familia nyingi za Warundi zilizokuwa zikiishi mkoani Kagera zilirudi kupitia mpaka huu. Katika darasa langu akaingia mvulana wa miaka kama tisa, aliyekuwa amesoma kwa Kiswahili. Tukampa kitabu cha Kirundi. Akakwama mstari wa kwanza, penye neno "icumi". Aliitafuta h baada ya c, hakuiona, akanyamaza. Ikaamuliwa aanze upya mwaka wa kwanza.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Mwalimu, huyu anasoma," akaniambia. "Kule alikuwa ananisomea barua."

Nikaandika ubaoni "kunywa", neno ambalo Kiswahili na Kirundi huliandika sawasawa. Akalisoma bila kusita. Herufi zile tatu zilizoshikana, nyw, huwashinda watoto wengi. Anayezivuka hawezi kuitwa asiyejua kusoma. Alichokosa ni kitu kimoja tu: katika Kirundi c husimama peke yake, nayo ina sauti ambayo Kiswahili huiandika ch. Nikamwambia mara moja. Akasoma icumi, icenda, icayi, kisha akageuka kumtazama mama yake.

Huyo hakurudishwa nyuma. Wapo waliorudishwa kabla yake, wakakaa na watoto wadogo kwa aibu, na baadhi yao wakaishia kuwauzia karanga madereva wa malori.

Nilimwelewa kwa sababu yalinipata mimi pia. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972, nikajifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Niliporudi mwaka 2009 na kusimamishwa mbele ya darasa, nilisoma "cane" kama "kane". Darasa zima likacheka, na mimi ndiye mwalimu!

Kwa hiyo neno geni likitokea, swali langu la kwanza ni: hili ni la lugha gani? Likiwa la Kiswahili au Kirundi, nalifunika kwa karatasi na kulifunua silabi moja moja. Kwa kawaida silabi huishia kwenye irabu, hivyo mtoto anajua pa kukata. Chukua "bazotwigisha", maana yake "watatufundisha". Kwa macho ni neno refu la kutisha. Kwa silabi ni ba-zo-twi-gi-sha, na hapo limeshatamkika. Lakini kutamka si kuelewa. Baada ya hapo tunalivua nguo: ba ni wale, zo ni wakati ujao, tu ni sisi, iliyogeuka kuwa tw mbele ya irabu. Kinachobaki ni "igisha", na hakuna mtoto hapa asiyejua kwigisha. Kiswahili hukubali ufundi huohuo. "Wamesafirishwa" ina "safiri" tumboni.

Kifaransa hakikubali. Neno "oiseau", yaani ndege, lina herufi sita, na ukilitamka unapata kitu kama "wazo". Watoto hucheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu hawatalisahau. Huko tunajifunza mafungu ya herufi: eau ni o, oi ni wa, ou ni u.

Nisichokubali ni kubahatisha kwa picha. Mtoto anaona picha ya ng'ombe, anaona neno linaanza na n, anasema "ng'ombe" kwa sauti kubwa, kumbe pameandikwa "ndama". Mwalimu mwenye wanafunzi wengi humpongeza na kupita. Picha zikiisha, katika vitabu vya madarasa ya juu, mtoto huyo hana pa kushika.

Lugha ya nyumbani ndiyo ngazi ya kwanza. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2014, uliohusisha nchi 10 zinazotumia Kifaransa, watoto wetu wa madarasa ya chini ndio walioongoza katika lugha, nao walipimwa kwa Kirundi.

Hapa wazazi wasiojua kusoma nao wana kazi, ingawa wengi hawaamini ninapowaambia. Kirundi hakiandiki kupanda na kushuka kwa sauti. "Inda" yaweza kuwa tumbo, yaweza kuwa chawa. Ni sikio linaloamua. Msichana mmoja alikuwa akisoma nyumbani kuhusu usafi, akasoma inda ya tumbo. Mama yake, ambaye hajui hata herufi moja, alikuwa akichambua maharage. Akamkatiza, akalitamka neno vizuri, akamwambia arudie: hao ni chawa.