Adabu za Mgeni Hotelini na Kazi ya Mhudumu wa Vyumba

Anayechukua chumba hotelini huwa ameingia mkataba na mwenye hoteli, na kwa mkataba huo hupata kitanda, maji, taa, usafi na usalama kwa muda aliolipia. Jambo linalosahaulika ni kwamba mkataba wa namna hii, tangu asili yake, ulimdai mgeni adabu. Sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji badala ya kutungwa na bunge, na ambayo ilipokewa Zanzibar na Kenya kwa kipimo cha mwaka 1897 na Tanganyika kwa kipimo cha mwaka 1920, ilimlazimu mwenye nyumba ya wageni kumpokea kila msafiri mwenye uwezo wa kulipa, mradi msafiri huyo awe katika hali ya kustahili kupokewa. Aliyefika amelewa kupindukia au akizua ghasia aliweza kukataliwa mlangoni ingawa fedha anazo.

Hata hivyo wageni wengi hudhani kwamba malipo yamefuta adabu ambazo wangezishika kama wangefikia kwa shangazi au kwa rafiki. Katika desturi za Waswahili mgeni hupewa heshima kubwa, lakini naye ana wajibu wake: hupiga hodi, huvua viatu, hula alichoandaliwa bila kukitia dosari, na siku ya tatu, kama methali inavyomkumbusha, hushika jembe. Hotelini jembe halishikwi kwa kuwa kazi imekwisha kulipiwa, lakini kazi hiyo bado inafanywa na mtu, na mtu huyo ndiye anayebeba mzigo wa tabia ya mgeni.

Mtu mwenyewe, mara nyingi, ni mhudumu wa vyumba, ambaye mgeni huenda akaondoka bila kumwona hata mara moja. Katika hoteli kubwa hupangiwa kwa kawaida vyumba kati ya 12 na 16 kwa zamu ya saa nane, kwa hiyo kila chumba hupata dakika kati ya 30 na 40, na katika muda huo inampasa kutandua na kutandika kitanda, kusugua choo na bafu, kufagia, kupiga deki, kubadilisha taulo na kukagua kama kuna kilichovunjika au kusahauliwa. Utafiti wa hoteli 50 za Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wahudumu wa vyumba waliumia kazini zaidi kuliko wenzao wa jikoni na wa mezani, kwa kiwango cha majeruhi 7.9 kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka. Chumba kilichoachwa na mabaki ya chakula chini ya kitanda, mchanga wa pwani ndani ya shuka na taulo zilizofutiwa viatu hula dakika za chumba kinachofuata, na mwenye kuzifidia ni mhudumu anayechelewa kurudi nyumbani.

Kwa wageni wa pwani, hina na piko vinahitaji neno la pekee. Hoteli nyingi huweka angalau seti tatu za shuka kwa kila kitanda, moja ikiwa imetandikwa, moja iko kwa dobi na moja iko ghalani, na kwa kuwa shuka hizo karibu zote ni nyeupe, alama ya hina mbichi mara nyingi haitakati na shuka huondolewa katika hesabu. Bibi harusi au mama anayekwenda sikukuu akiwa na hina mikononi anaweza kuomba mapokezi shuka za rangi, au akatandika khanga yake kuukuu juu ya zile nyeupe, na hakuna atakayeliona ombi hilo kuwa la ajabu. Chetezo cha udi ni jambo zito zaidi: mbali na kuamsha kigundua moshi, yaani kifaa cha darini kinachopiga king'ora na kuwatoa watu wote nje, makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa madirisha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Saa ya kutoka, ambayo katika hoteli nyingi za Afrika Mashariki ni saa nne au saa tano asubuhi, imewekwa kwa hesabu hiyohiyo ya dakika, kwa sababu mgeni mwingine hutarajiwa kuanzia saa nane mchana. Mwenye haja ya kuchelewa huomba usiku uliotangulia.

Lakini hakuna utovu wa adabu unaopita ule unaogusa mwili na heshima ya mfanyakazi. Katika uchunguzi uliofanywa na chama cha wafanyakazi mjini Chicago mwaka 2016, 49% ya wahudumu wa vyumba waliohojiwa walisema wamewahi kukutana na mgeni aliyefungua mlango akiwa uchi au aliyejifunua mbele yao, na mwaka uliofuata mji huo ulipitisha sheria ya kuwapa wahudumu kifaa cha kuitia msaada. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unazihesabu pia dhuluma zinazotokana na watu wa nje ya mahali pa kazi, wakiwemo wateja. Mgeni mwenye staha hujisitiri kabla ya kuitikia hodi, huacha mlango wazi mhudumu anapokuwa ndani, au hutoka mpaka kazi iishe, na hamwulizi binti wa watu anatoka kazini saa ngapi.

Adabu ya mgeni huvuka pia ukuta wa hoteli. Utafiti wa pwani ya mashariki ya Zanzibar uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, ilhali mwanakijiji alitumia lita 48 hivi, na wote waliyategemea maji yaleyale ya chini ya ardhi yanayojazwa na mvua. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ilimwagiliwa bustani, jambo ambalo mgeni halitawali na ambalo wenye hoteli wanapaswa kulijibu wenyewe. Taulo, hata hivyo, zimo mikononi mwa mgeni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, kibao cha kawaida cha kuhimiza utunzaji wa mazingira kiliwafanya 35.1% ya wageni watumie taulo zao tena, na kibao kilichoeleza kuwa wageni wengi hufanya hivyo kilifikisha 44.1%, maana yake ni kwamba adabu ya mgeni mmoja huweza kuwa mfano kwa mwingine.

Kuhusu malalamiko, mgeni anayo haki kamili ya kudai maji ya moto aliyoahidiwa au kitanda kisicho na kunguni, na adabu haimtaki anyamaze. Inamtaka aende mapokezi au kwa meneja, kwa sababu mhudumu wa vyumba hana mamlaka ya kupunguza bei wala kumhamisha mtu chumba, na kumkaripia ni kumwadhibu asiyehusika. Anayetaka kumshukuru kwa bahashishi naye azingatie kwamba hoteli nyingi humkataza mhudumu kugusa fedha alizozikuta chumbani. Basi fedha hizo ziachwe mezani pamoja na karatasi inayoeleza kuwa ni zake, au apewe mkononi.