Kompyuta ya Gemu ya Kwanza: Orodha Kwanza, PIN Baadaye

Mwenzetu mmoja hapa ofisini aliweka akiba kwa simu miezi tisa, kidogo kidogo kila Ijumaa, ajiundie kompyuta ya kuchezea gemu. Prosesa na mazabodi alikuwa nazo tayari. Jioni moja akaona tangazo la RAM ya bei nafuu. Muuzaji akamwambia, "Tuma sasa bosi, kuna mtu mwingine yuko njiani." Akatuma kwa namba ya kibinafsi.

RAM ilifika, tena nzima kabisa. Shida ni kwamba ilikuwa DDR5, na mazabodi yake inachukua DDR4. Haingii hata ukilazimisha, kwa sababu pengo lililo kati ya meno yake limekaa mahali tofauti. Muuzaji hakupokea simu tena.

Hatuwezi kusema aliibiwa. Alilipa kabla ya kupanga, na hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Kipi kinaingiana na kipi?

Andika orodha yote kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Anza na prosesa, kwa maana ndiyo inayoamua mazabodi, na mazabodi ndiyo inayoamua RAM. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye soketi ya AM4, ambayo hutumia DDR4. Ryzen 5 7600 ni ya AM5, na hiyo ni DDR5 peke yake. Kwa Intel za kizazi cha 12 hadi 14, kuna mazabodi za DDR4 na za DDR5, kwa hivyo soma jina lote kwenye boksi.

Ukipata mazabodi ya zamani kidogo kama B450, uliza kama BIOS yake imesasishwa kuitambua hiyo 5600. La sivyo, feni zitazunguka lakini skrini itabaki nyeusi.

Kisha kadi ya grafiki. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, kwa hivyo bila kadi huoni kitu. 5600G inayo. Kama mfuko haujajaa, anza na 5600G ucheze gemu nyepesi, kadi uiongeze baadaye. Ni afadhali kuliko kukimbilia mkopo wa simu kwa ajili ya gemu.

Pawa saplai usiibanie. Kadi ya RTX 3060 hula takriban wati 170, na Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kompyuta nzima. Ya bei ya kutupa ikiungua, inaweza kuondoka na vipande vingine. Mwisho, pima kasha: urefu wa kadi kwa milimita uwe ndani ya ule kasha linaruhusu.

Sasa kulipa

Ukiwa Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi, au duka lolote la mtaani kwenu, omba kuona kipande kikifanya kazi. Kwa kadi iliyotumika, hili si la kujadiliana: iwashwe, gemu ichezwe dakika kadhaa, ndipo utoe simu.

Lipa kwa namba ya till ya duka. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la duka ulilosimama ndani yake, simama hapo hapo uulize. Dai risiti yenye namba ya mfululizo ya kipande na muda wa waranti, na usifute ujumbe wa malipo.

Anayekuharakisha utume "pesa ya kushikilia mzigo" kabla hujauona, mwache aende na huyo mtu wake aliye njiani. Ombi la kurudishiwa pesa ni la namba uliyokosea, si la bidhaa uliyokosea.

Mwenzetu aliiuza ile RAM kwa hasara, akarudi kwenye akiba Ijumaa iliyofuata. Siku hizi orodha yake iko kwenye simu: kipande, soketi, wati, bei, jina la duka. Mstari ambao haujajaa, haulipiwi. Nawe fungua simu yako uandike wako leo.