Mashua mbili, bei moja: Utapanda ipi?

Umefika Amu na familia kwa likizo ya Disemba. Watoto wamechoka kuhesabu punda vichochoroni na sasa wanataka bahari. Pale gatini zimefungwa mashua mbili. Zote ni za mbao, zote zina tanga la pembe tatu, na manahodha wanataka bei ile ile. Je, utapanda ipi?

Wengi wetu tutokao miji ya bara huvutiwa na rangi, matakia na muziki. Hapo ndipo tunapokosea.

Kwanza, usikimbilie kupanda. Inama utazame chini ya mashua. Mbao zake huzibwa nyufa kwa pamba na mafuta, kazi iitwayo kalafati, na kalafati huchakaa. Maji kidogo si ajabu. Lakini ukimwona baharia akifua maji bila kupumzika na chombo hakijaondoka gatini, jiulize itakuwaje mkifika katikati.

Pili, hesabu jaketi za kuokoa maisha. Zitoshe watu wote, na za watoto ziwe za kimo chao. Jaketi la mtu mzima huweza kumvuka mtoto akianguka majini. Wavishe kabla ya kuondoka, usingoje mawimbi. Uliza pia kuhusu leseni. Shirika la serikali la KMA, lililoundwa mwaka wa 2004, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini Kenya. Kumwomba nahodha karatasi zake si utovu wa adabu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, zungumza na nahodha mwenyewe. Mwambie mnataka kwenda Takwa, kisiwani Manda, kuona magofu ya mji uliohamwa katika karne ya 17. Mkono wa bahari uendao huko hupita katikati ya mikoko, na maji yakipwa mashua hukwama. Nahodha anayejua kazi atakutajia saa ya maji kujaa, kwenda na kurudi. Anayejibu, "Twende saa yoyote," anafikiria mfuko wako tu.

Muulize na upepo. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, huwa na afadhali. Kusi ya katikati ya mwaka huvuma kwa nguvu, na ukipita Shela mkondo hufunguka kwenye bahari kuu. Siku kama hiyo, yule anayekuambia, "Mama, leo hatutoki nje, tubaki ndani ya mkondo," ndiye wa kumpa watoto wako.

Mengine ni madogo: turubai la kivuli, maji ya kunywa, na bei mpatane mkiwa bado nchi kavu, pamoja na chakula cha mchana kama kimo.

Mashua zinaweza kufanana kama mapacha. Manahodha hawafanani. Tahadhari kabla ya hatari, na safari njema!