Mlango wa Kubuni

Je, wajua ya kuwa kompyuta ya mezani yaweza kuigiza mlango usiokuwapo, na programu inayonena kupitia mlango huo isitambue abadan? Natuanze na mlango wa kweli, kwa mfano wa reli. Reli itokayo Kaliua hata Mpanda, magharibi mwa Tanzania, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, ni ya njia moja, na mabehewa hayana budi kufuatana. Na ndivyo mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyomo katika kipande kimoja cha silikoni, itumavyo habari zake kwa mlango wa mfululizo: biti ya kuanzia, biti nane za herufi, kisha biti ya kumalizia. Kwa mwendo wa baudi 9600, kipimo kilichopewa jina la Émile Baudot, Mfaransa aliyestawisha telegrafu katika karne ya 19, hupita herufi 960 kila sekunde.

Natuseme kijana wa Mpanda ataka kupima kina cha mto Katuma, ambao wakati wa kiangazi hupungua hata viboko wa Hifadhi ya Katavi wakasongamana kwa mamia katika madimbwi ya tope. Programu amekwisha kuiandika, ilhali bodi ya Arduino Uno ingali njiani kutoka Dar es Salaam. Je, akae kitako angoje? La hasha.

Programu ile haiujui waya upelekao herufi. Iijuayo ni anwani tu katika kumbukumbu. Ndani ya ATmega328P, mikrokontrola ya bodi hiyo, herufi huwekwa katika anwani ya rejista, yaani kisanduku kidogo cha kumbukumbu, iitwayo UDR0, baada ya kutazamwa alama ijulishayo kwamba rejista i tupu. Kiigizi kama simavr huitekeleza programu amri kwa amri, na kila herufi iandikwapo katika anwani ile, huidaka na kuikabidhi Linux, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ya mezani, ambao huunda jozi ya milango ya kubuni: kiandikwacho huku husomwa kule. Nami nastaajabia sana uaminifu wa kazi hii, maana programu haibadilishwi hata nukta moja.

Walakini mlango wa kubuni husamehe mno. Mikrokontrola ikiwekwa baudi 9600 na kompyuta 115200, herufi zitafika salama, kwa kuwa hakuna waya wa kupimiana mwendo. Bali siku waya wa shaba utakapofungwa ukingoni mwa Katuma, kijana atasoma alama zisizo na maana yoyote, ilhali maji yanazidi kushuka.